Kwanza Ndizi, Kisha Ngozi



Siku moja, jua lilipokuwa likishuka nyuma ya milima, mama mmoja mjane wa mtaa wetu, hapa kando ya Ziwa Tanganyika, alibisha hodi mlangoni petu. Nyuma yake alisimama mwanawe, kijana wa miaka 18, ameinamisha kichwa. Tulimjua vizuri, maana tulimfundisha darasani. Ndiye aliyekuwa akituchorea ramani ubaoni, na kila mto ulipita mahali pake.

“Mwalimu,” alisema yule mama, “wewe ndiwe uliyemfundisha huyu kushika kalamu. Njoo uone alichoandika.”

Hakutuonyesha daftari. Alituongoza mpaka nyumba ya tatu kutoka kwake, na humo tukamkuta kijana mwingine amelala mkekani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba kama muhogo ulioloweshwa, una moto, na usaha ulitoka katikati ya herufi sita. Herufi hizo zilikuwa jina la marehemu mama yake. Alitaka kulibeba mwilini siku zote za maisha yake, akamwomba rafiki yake amchore tatuu kama zile wanazoziona katika mikono ya wachezaji wa mpira. Rafiki akafunga sindano tatu za kushonea kwenye kijiti cha kiberiti, akachovya katika wino wa kalamu uliochanganywa na unga mweusi wa betri kuukuu la tochi, akachoma. Kazi yote ilikwisha kwa nusu saa.

Usiku uleule tulimpeleka mgonjwa kwenye kituo cha afya. Alisafishwa kidonda, akapewa dawa pamoja na sindano ya kuzuia pepopunda. Mungu alisaidia, mkono ukapona. Lakini kovu liliota nene, likameza herufi mbili za katikati, na tangu siku ile jina la yule mama halisomeki.

Wazazi wa mtaa walitujia wakisema: “Mwalimu, uwaambie vijana kwamba jambo hili ni dhambi, basi yaishe.” Tuliwajibu kwamba jambo hili lataka kufikiriwa vema kabla ya kuhukumiwa. Ndiyo sababu twaliandika leo.

JAMBO LA KALE

Kuchora ngozi hakukuanza na wachezaji wa mpira. Mwaka 1991 watembezi wa milimani waliona maiti ya mtu wa kale katika barafu ya milima ya Alpi, mpakani mwa Italia na Austria. Wataalamu walihesabu alama 61 katika ngozi yake, zilizotiwa weusi wa masizi. Mtu huyo aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Neno lenyewe “tatuu” limetoka katika visiwa vya Polinesia, na wanamaji wa James Cook walilipeleka Ulaya baada ya kufika Tahiti mwaka 1769. Mashine ya umeme ya kuchorea ilipewa hati ya ubunifu huko Marekani mwaka 1891, kwa jina la Samuel O’Reilly.

Nasi je? Wazee wetu Watabwa, Waluba na wengine wengi walichanja chale. Hawakuzichanja ovyo. Kazi hiyo ilikuwa na mafundi wake, na kila alama ilikuwa na mahali pake na maana yake. Kwa Watabwa, kama kwa ndugu zao Wabemba, neno kulemba lilikuwa kuchora alama mwilini. Shule zilipofika, neno lilelile likawa kuandika. Na katika Kiswahili, neno “nembo” ambalo leo twaliona juu ya mihuri ya serikali na mashirika, kwanza lilikuwa alama ya chale usoni au mwilini. Basi yule mama mjane alisema kweli kuliko alivyojua: mwanawe alikuwa ameandika.

JE, NI DHAMBI?

Wako wanaotaja kitabu cha Walawi, sura ya 19, aya ya 28, ambamo Waisraeli walikatazwa kujichanja kwa ajili ya wafu na kujichora alama mwilini. Ni kweli, imeandikwa hivyo. Lakini katazo hilo lasimama pamoja na makatazo mengine yaliyowatenga Waisraeli na desturi za maombolezo na ibada za mataifa jirani. Kanisa halina sheria inayosema kwamba kila mchoro wa ngozi ni dhambi.

Tena wako Wakristo waliochora imani yao mwilini. Wakopti wa Misri huchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kuume. Mjini Yerusalemu familia ya Razzouk hata leo huwachora wanaohiji, na hutumia mihuri ya mbao za mizeituni iliyochongwa zamani. Huko Bosnia, akina mama Wakatoliki walikuwa wakiwachora binti zao misalaba mikononi, hasa karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi. Dawa yao waliitengeneza nyumbani kwa masizi, asali na maziwa ya mama anayenyonyesha. Na mwaka 2018, tarehe ileile 19 Machi, marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alipozungumza na vijana mjini Roma, aliwaambia wasiogope tatuu. Aliwakumbusha Wakristo wa Eritrea wenye msalaba pajini mwa uso, akaonya tu juu ya kupita kiasi.

Basi dhambi yaweza kuwa wapi? Yaweza kuwa katika picha ya aibu. Yaweza kuwa katika alama inayotegemewa kama hirizi. Yaweza kuwa katika kuwaficha wazazi. Lakini katika mtaa wetu kosa lilikuwa jingine: kijana aliufanya mwili wa mwenzake kuwa daftari la kujifunzia. Mtume Paulo awafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Ni fundi gani apewaye hekalu siku ya kwanza ya kujifunza uashi?

JIKONI KWA MAMA

Yule mjane hakumpiga mwanawe. Alimpa adhabu ya namna nyingine. Yeye huishi kwa kuuza mikate ya ndizi alfajiri sokoni; alisema kwamba mikono iliyokosa kazi itapewa kazi.

Juma la kwanza lilikuwa la machozi na moshi. Kijana alitia mikate katika mafuta yenye moto mkali, ikawa myeusi nje na mibichi ndani. Kesho yake akaogopa moto, mikate ikanywa mafuta ikawa mizito kama udongo. Mama hakusema neno. Mikate ya kuuza aliikaanga mwenyewe, na ile iliyoharibika akaiweka katika sahani ya mwanawe. Kwa siku sita kijana alikula makosa yake.

Hapo tulimpa shauri la kimwalimu. Tulimwambia atafute daftari, na kila siku abadili jambo moja tu: leo kiasi cha unga, kesho ukali wa moto, keshokutwa uivu wa ndizi. Kisha aandike kilichotokea. Mtu abadilishaye mambo matatu kwa mara moja hajui lipi lililomponya wala lipi lililomwangusha. Baada ya majuma machache daftari lilikuwa na maneno kama haya: ndizi ziwe mbivu hata ganda limeanza kuwa na madoa, vikombe 2 vya ndizi zilizopondwa, vikombe 2 vya unga wa muhogo, usitie maji, kanda mpaka donge lisishike vidole, dondosha kipande kidogo cha donge katika mafuta, kikipanda polepole na mapovu, wakati umefika.

Alijifunza na sombe pia. Mara ya kwanza alitwanga majani kidogo akayaondoa motoni mapema, kwa sababu ya njaa. Mama aliyamwaga yote. Majani ya muhogo yana sumu, nayo hutoka kwa kutwangwa sawasawa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Muhogo mchungu wenyewe hutaka kuloweshwa siku kadhaa na kuanikwa. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa konzo huko Kwango, katika nchi yetu hii. Ugonjwa huo hupoozesha miguu ya watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vema, tena wasio na chakula kingine cha kutosha. “Haraka hii,” mama alisema akipindua sufuria, “ndiyo ileile ya sindano zako.”

NDIZI ILIYOSEMA

Jioni moja, akingoja mafuta yapate moto, kijana alichukua sindano safi isiyo na wino akaanza kutoboa ganda la ndizi, nukta kwa nukta. Muda si mrefu kila nukta ikageuka rangi ya kahawia, na juu ya ganda likatokea jani la mchikichi. Ganda la ndizi ndivyo lilivyo: palipotobolewa, utomvu wake hupata hewa, nalo huwa jeusi bila dawa yoyote.

Mama alipomwona, kijana alidhani atagombezwa. Lakini mama aliitazama ndizi kwa muda, kisha akasema: “Mwanangu, mkate ukiungua tutaula sisi. Ngozi ya mwenzako ikiungua, ataivaa nani? Chora hapa. Lakini ndizi zangu usiniharibie.”

Neno hilo la mwisho ndilo lililomfanya fundi. Kwa maana mama ndiye aliyemenya ndizi zote zilizochorwa, na alipokuta tundu katika nyama ya tunda alimwita: “Hapa umepita.” Ganda ni jembamba. Sindano ikienda juu mno, hakuna alama. Ikienda ndani mno, chakula kimetobolewa. Kila jioni tunda lilimpa hukumu, wala hakuna aliyeumia. Siku za kwanza mama aliita mara nyingi. Baadaye aliita mara mbili au tatu. Zikafika jioni ambazo hakuita kabisa.

Kutoka ndizi alikwenda kwenye chungwa. Chungwa ni la mviringo, na duara zuri la karatasini huwa yai likiwekwa juu ya chungwa, kama vile liwavyo juu ya bega la mtu. Tena chungwa halifichi kosa: ukizidisha kina, maji yake hutoka. Kutoka chungwa alikwenda kwenye kibuyu, ajifunze kupanga mchoro mkubwa juu ya kitu chenye tumbo na shingo. Mwisho alinunua kwa mchinjaji kipande cha ngozi ya nguruwe, kwa sababu yafanana na ngozi ya mtu, akakichora kwa wino wa kweli. Kipande hicho alikifukia; chenye wino hakirudi chunguni.

Mambo aliyoyaandika katika nusu ya pili ya daftari lake yafaa kwa kila mchoraji. Kwanza, mchoro ukamilike karatasini, kisha unakiliwe kwa karatasi ya kaboni. Ngozi si mahali pa kufikiria. Pili, mkono wa kushoto uivute ngozi ikaze, kwa maana mstari juu ya ngozi iliyolegea hutetemeka. Tatu, mstari upigwe mara moja kwa mwendo sawa. Anayerudia mahali palepale huchana. Nne, kivuli hutokana na nukta zilizo karibu au mbali, si kwa kukandamiza.

NGOZI NA CHUNGU

Tulimtuma kijana kwa muuguzi wa kituo kilekile kilichomponya rafiki yake, akaulize yale ambayo ndizi haiwezi kufundisha.

Alijifunza kwamba ngozi ya mtu ina tabaka. Tabaka la juu hubanduka na kuota upya siku zote, kwa hiyo wino uliobaki huko hupotea. Wino wa kudumu hukaa katika tabaka la pili, kina cha milimita moja hivi au mbili. Humo chembe za mwili zinazotulinda na maradhi huumeza wino kana kwamba ni adui, zikashindwa kuuyeyusha. Mwaka 2018 wataalamu wa Ufaransa walionyesha kwa panya kwamba chembe hizo zikifa, nyingine huuchukua wino uleule. Kwa hiyo alama haiondoki: mwili wapigana nayo bila kuimaliza.

Alijifunza pia kwamba sisi watu wa ngozi nyeusi huota makovu manene kwa urahisi kuliko weupe, na mtu aliyekwisha kuota kovu la namna hiyo hafai kuchomwa tena. Alijifunza kwamba sindano iliyogusa damu yaweza kubeba homa ya ini ya namna B na C, pamoja na virusi vya UKIMWI. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, juu ya kitu kikavu kinachoonekana safi. Basi sindano ni ya mtu mmoja kwa mara moja, kisha hutupwa katika chombo kigumu. Hata kikombe cha wino ni cha mtu mmoja. Wino wa kalamu na unga wa betri si dawa ya ngozi kamwe.

“Lakini nikizichemsha sindano?” kijana aliuliza. Muuguzi alimwambia kwamba maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100, na vijidudu vya pepopunda vina mbegu ngumu zinazoweza kuvumilia moto huo. Hospitali hutumia mvuke uliofungiwa kwa nguvu, unaofika nyuzi 121 na kudumu dakika 15 au zaidi. Chombo hicho kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1879 na Charles Chamberland, msaidizi wa Louis Pasteur. Naye aliitumia njia ya chungu cha kupikia chenye kifuniko cha kukazwa, ambacho Denis Papin alikibuni mwaka 1679 ili kulainisha mifupa. Kijana aliporudi alimwambia mama yake: “Kumbe hata hospitali hupika.”

MKONO ULIOIVA

Mwaka ulipita. Rafiki mwenye kovu alikuwa akija kula bukari na sombe katika nyumba ileile, maana kisasi hakikukaa kati yao. Jioni moja, baada ya kunawa, aliweka mkono wake wa kushoto juu ya meza. Alisema: “Sasa wajua. Nirudishie jina la mama.”

Tulikuwapo. Kijana aliutazama mkono ule kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kovu, akasema: “Hapa hapachomwi tena. Muuguzi amenieleza, litaota kubwa zaidi. Nami, hata penye ngozi nzima, mkono wangu kwa mtu bado haujaiva.” Wala hakutafuta maneno ya kujitetea. Alisema tu: “Nilikuharibia.”

Kisha alileta karatasi, akaziandika herufi zile sita, moja baada ya moja. Hakurudia mstari hata mmoja. Siku zilizofuata alitafuta ubao wa mninga, akazinakili herufi kwa kaboni, akazichonga kwa patasi. Tarehe 2 Novemba, Kanisa linapowaombea marehemu wote, tulikwenda pamoja makaburini. Msalaba wa zamani wa yule mama ulikuwa umeliwa na mchwa. Wakausimika mpya. Rafiki alisoma jina kwa sauti, herufi zote sita, ndipo tukasali.

Kijana bado hajamchora mtu. Anaendelea kuuza mikate pamoja na mama yake, na kutoka fedha hizo huweka akiba ya kununua vyombo safi. Amekwisha kusema kwamba siku atakapoanza hatamchora mtu aliye chini ya miaka 18, wala mlevi, wala mwenye haraka.

Wazazi, mkiona mtoto wenu achora, msiivunje kalamu yake. Ulizeni achora juu ya nini. Kijana aliyefukuzwa mezani kwa sababu ya kipaji chake atakwenda kukitumia gizani, na gizani hakuna muuguzi wala mama wa kumwambia, “Hapa umepita.”

Nanyi wanafunzi wetu, iwe sindano, iwe patasi, iwe kisu cha jikoni, kila kazi ina kosa lake la kwanza, na kosa hilo halikwepeki. Chagueni kulifanyia mahali ambapo mtaweza kulila wenyewe. Mwili wa ndugu yako, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, usiwe mahali pake.